Mnatuita bendera fuata upepo? Sisi watu wa West Nile tumechoka kutukanwa kila uchaguzi

Salaam alaykum kwa wote wa jukwaa hili. Leo sina maneno matamu, mtaniwia radhi.

Juzi usiku nilikuwa nimezima mashine ya kusaga, najipangusa unga, redio inaongea. Mchambuzi mmoja, simtaji, akaulizwa West Nile, kona yetu hii ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, itaegemea wapi kwenye uchaguzi wa tarehe 15 Januari 2026. Akacheka kwanza. Akasema sisi ni bendera fuata upepo, leo mwavuli wa NUP, chama cha upinzani, kesho basi la NRM, chama tawala, na anayetaka kura zetu asihangaike na ilani, alete sukari na sabuni. Mtangazaji naye akacheka. Mimi usingizi uliniruka mpaka adhana ya alfajiri.

Nakaa Oli, hapa Arua. Nilizaliwa Sudan mwaka 1981, wazazi wangu wamekimbia vita vya huku na sufuria mbili na mkeka. Kwa hiyo mtu asinifundishe maana ya kuhama.

Nataka nieleze nyumba moja tu, ya kwetu, ilivyopiga kura, halafu mniambie upepo uko wapi.

Mwaka 1996 marehemu mama alimpigia Ssemogerere. Sababu yake aliisema mbele yetu: vita vya kaskazini vitaisha kwa kuzungumza, na huyu ndiye anayetaka kuzungumza. Basi. Mwaka 2006 mimi na yeye tuliweka kura kwenye ufunguo, alama ya chama cha FDC, kwa Besigye. Wakati ule ukitaka kwenda Kampala mabasi yalisubiriana, wanajeshi wayasindikize kipande cha Pakwach mpaka Karuma, na bado mjomba alirudi na risasi begani. Utampigiaje Museveni, aliyekuwa madarakani tangu 1986, na barabara bado haipitiki?

Halafu vita vikaondoka. Kony na waasi wake wakavuka mpaka, mazungumzo ya amani ya Juba yakaanza mwaka ule ule wa 2006, na mimi nikaanza kupanda basi la usiku, nikanunua bidhaa zangu soko la Kikuubo, Kampala, nikarudi na magunia salama. Mwaka 2011 nikapigia basi la njano. Sikupewa hata kipande cha sabuni. Niliona barabara iko salama, nikasema haki ni haki, aliyefanya apewe. Watu wengi wa huku na wa Acholi waliokuwa hawataki hata kumsikia Museveni walianza kulegea miaka ile ile, na wengi wao ukiwauliza watakuambia habari ya kulala nyumbani kwao bila kukimbilia porini. Hiyo nayo ni sukari na sabuni?

Sasa njoo kwenye umeme. Hapa ndipo damu yangu inachemka. Sisi hatukuwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa na majenereta, yanawashwa kwa saa zake na kuzimwa kwa saa zake, halafu mwaka 2012 bwawa la Nyagak likaanza kazi, megawati 3.5 kwa wilaya zote hizi. Mimi mwenye mashine ya kusaga nilikuwa nasaga kwa dizeli. Mteja analeta debe la mahindi, nikimtajia bei ananitazama kama mwizi, na mimi faida yangu yote iko kwenye tangi. Kila kampeni tuliahidiwa umeme. Tumekuja kuungwa kwenye gridi mwaka 2024! Miaka 38 tangu 1986. Leo mgombea anasimama jukwaani kunionyesha nguzo kama vile amenitoa kwenye kaburi. Mwaka 2016 nilirudi kwenye ufunguo kwa sababu hiyo ya dizeli, na ningerudi tena.

Mnakumbuka 2018? Sisi wa Arua hatujasahau. Marehemu Abiriga, mbunge wetu, alikuwa wa njano kuanzia kofia mpaka viatu, hata kigari chake cha njano watoto walikikimbilia barabarani. Mwaka 2017 alisimama na waliotaka kikomo cha umri wa rais, miaka 75, kitolewe kwenye Katiba, na wengi wetu tulimkasirikia vibaya. Juni 2018 wakampiga risasi. Tuliokuwa tumemkasirikia tulimlilia, kwa sababu alikuwa mtu wetu. Uchaguzi mdogo ukaja Agosti, wakubwa wote wa Kampala wakashuka Arua. Tarehe 13, siku mbili kabla ya kura, vurugu, mabomu ya machozi, Yasin Kawuma, dereva wa Kyagulanyi (Bobi Wine), akauawa kwa risasi. Kassiano Wadri, mgombea wa upinzani, akakamatwa. Tukampigia kura akiwa kizuizini, akashinda. Mtu aliye kizuizini angetupa sukari saa ngapi?

Na 2021 sikupiga kura kabisa. Nalisema hapa wazi. Novemba 2020 watu zaidi ya 50 walikufa kwa siku mbili, hesabu hiyo ni ya serikali yenyewe. Januari, usiku wa kuamkia kura, intaneti ikazimwa. Nikakaa na watoto wangu. West Nile ikaenda kwa basi, Buganda iliyokuwa ngome ya basi ikaenda kwa mwavuli, wachambuzi wakajaa redioni kueleza nani kahamia wapi. Museveni asilimia 58, Kyagulanyi 35. Lakini katika watu milioni 18 walioandikishwa, zaidi ya milioni 7 hatukuonekana vituoni, na mpaka leo sijasikia mgombea aliyekuja kutuuliza kwa nini. Kwa uchaguzi huu wa 2026 walioandikishwa wanazidi milioni 21. Mtatuuliza lini?

Sasa tuwataje wahamaji wenyewe, kwa sababu hao hawaitwi bendera. Hao wanaitwa waheshimiwa.

Norbert Mao aligombea urais mwaka 2011 dhidi ya Museveni. Julai 2022 akatia saini makubaliano na NRM, akawa waziri wa sheria. Beti Kamya naye aligombea 2011 na chama chake, 2016 akawa waziri. FDC imepasuka vipande viwili, waliotoka wameunda chao. Mpuuga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni, ametoka NUP kaanzisha chake. Sisemi mtu asibadili mawazo, mimi mwenyewe nimebadili mara tatu. Ninachouliza ni hiki: yupi kati yao alirudi kwa waliompigia kura akawaambia, ndugu zangu, nahama kwa sababu hii na hii, mnanipa ruhusa? Mimi mama wa mashine nimewapa sababu zangu zote hapa bila kulipwa. Wabunge walipotoa kikomo cha mihula ya rais mwaka 2005, tayari walikuwa wamepewa shilingi milioni 5 kila mmoja. Mwaka 2017, kabla ya ile ya umri, milioni 29. Halafu aliyepokea milioni 29 anakuja kuniambia mimi nauzwa kwa kilo ya sukari.

Julai 2025 tuliona mchujo wa NRM, watu wamepanga mstari nyuma ya mgombea. Aliyeshindwa alfajiri, jioni ni mgombea huru. Tena anakuja na fulana zile zile za njano.

Kuhusu kampeni yenyewe sina la kusifu. Rangi, spika, vumbi, helikopta. Wengine wanahutubia Kiingereza, mkalimani anakimbizana nao kwa Kilugbara, na sisi soko zima tunasemeshana Kiswahili, lugha ambayo Katiba iliipa nafasi ya pili tangu 2005.

Wanachojua kukitaja ni PDM, mpango wa serikali wa pesa za maendeleo kupitia parishi. Shilingi milioni 1 kwa kaya. Jamani, ile ni mkopo! Riba asilimia 6 kwa mwaka, italipwa. Jukwaani wanaitaja kama zawadi ya Mzee Museveni. Wifi yangu alipata yake mwaka 2024, na kabla hajaishika vizuri kiongozi mmoja wa parishi, simtaji, akamwambia kuna laki moja ya "usafiri wa faili". Akatoa. Akanunua mbuzi kwa zilizobaki, wawili wamekufa. Deni liko palepale, milioni 1 kamili, kama vile ile laki aliila yeye. Alipokwenda kulalamika akaulizwa, wewe ni wa chama gani?

Hilo swali ndilo limenifanya niandike. Mwanamke ameibiwa, anaulizwa rangi yake.

Barabara ya Koboko, Yumbe mpaka Moyo, zaidi ya kilomita 100, tumeisikia kampeni baada ya kampeni mpaka watoto wetu wanaiimba. Wakimbizi wako Bidi Bidi, Rhino Camp, Imvepi, tumewapokea kwa sababu na sisi tulipokewa, lakini misitu imekwisha na msaada wa nje umepungua. Ni mgombea yupi ameligusa hilo mbele yenu? Mwenye jibu aliandike hapa chini, na ataje alisemea wapi.

Jumamosi kuna mgombea ubunge anakuja uwanja wa karibu na kwetu. Nitafunga mashine saa nane. Nitamuuliza ile laki moja ya wifi yangu itarudishwa na nani, na kwa nini umeme wa gridi unakatika jioni nikiwa na wateja foleni. Nikinyimwa kipaza sauti nitasema bila hicho. Usiku nitarudi kwenye uzi huu kuwaandikia alichojibu, neno kwa neno, awe wa basi, wa mwavuli au wa ufunguo.