Yah: Waliooga mfereji mmoja utotoni, kichocho ukubwani

Kutoka: mhudumu wa afya ya jamii, Lewiston

Wandugu, salaam. Swali linarudi kila mara: mbona waliokulia pamoja bonde la Mto Juba, Somalia, wanakutwa na kichocho miaka mingi baada ya kufika Marekani? Wengine wanasema ni ukoo. Ukoo haumo, ni maji. Kichocho hakiambukizwi mtu kwa mtu. Mbegu yake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga.

Mwaka 2005 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilishauri Wabantu wa Somalia na vijana wa Sudan waliopitia Kakuma, kambi ya wakimbizi nchini Kenya, wapewe dawa bila kungoja vipimo. Damu zao zilionyesha kichocho kwa 73% ya Wabantu na 44% ya Wasudan. Strongiloidi, mnyoo mdogo anayepenya nyayo kutoka kwenye udongo, ikawa 23% na 46%. Tofauti hizo mimi nazisoma kuwa ni za mahali pa utoto wa kila kundi, si ukoo.

Basi mmoja akikutwa nacho, arifuni wa rika lake waliooga naye. Mdogo wake aliyezaliwa huku Marekani, jimbo la Maine, hahusiki, hata kama ni tumbo moja.

Kutoka: fundi wa maabara, Columbus

Ahsante kaka. Nyongeza ya vipimo. Msipeleke mkojo wa alfajiri. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Panda ngazi mara kadhaa kwanza, na matone ya mwisho yasimwagwe, humo ndimo mayai yalimo. Kwa kichocho cha tumbo, choo cha siku tatu tofauti.

Kwa mtu mzima aliyekaa nacho muda mrefu mayai huwa machache, kwa hiyo ombeni pia kipimo cha damu cha kingamwili. Kikisha kuwa chanya, hubaki chanya miaka hata baada ya tiba. Hilo peke yake si sababu ya kurudia dawa.

Akina dada, hili nawaomba mlizingatie: damu baada ya tendo la ndoa, maumivu ya nyonga au kukosa mimba vyaweza kuwa kichocho cha uzazi. Daktari asiyejua ulikooga utotoni hukimbilia magonjwa ya zinaa, na ndoa huvunjika bure. Akina baba wenye damu kwenye mkojo, kibofu kichunguzwe: kichocho cha muda mrefu huweza kuleta saratani yake.

Kutoka: mfamasia, Minneapolis

Praziquantel, dawa ya kichocho, kwa kawaida ni mg 40 kwa kilo ya uzito. Mwenye kilo 75 anahitaji mg 3,000, yaani vidonge 5 vya mg 600, kwa siku moja, pamoja na chakula. Usitafune, ni chungu mno. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyetoka likizo nyumbani na akaoga ziwani angoje wiki 6 hadi 8. Mwenye kifafa aseme mapema: kama ana mabuu ya tegu kichwani, dawa hii huweza kuamsha degedege.

Ninayemhofia zaidi ni strongiloidi. Huzaliana humo humo mwilini, ndiyo maana hudumu miongo. Mtu akipewa steroidi kama Prednisone au Dexamethasone kwa pumu au baada ya kupandikizwa figo, minyoo huzidi ghafla, hutoboa utumbo na kuingiza bakteria kwenye damu, wengi hufa. Pimeni kabla ya steroidi.

Tiba ni Ivermectin, mikrogramu 200 kwa kilo, siku mbili mfululizo: kilo 75 ni vidonge 5 vya mg 3 kila siku. Ndugu wa misitu ya Kongo wasiimeze kabla ya kupimwa loa loa, mnyoo wa macho; damu ichukuliwe saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Loa loa ikiwa nyingi, Ivermectin huathiri ubongo hadi kuzimia; badala yake hutolewa Albendazole mg 400 mara mbili kwa siku, siku 7.

Kutoka: mhudumu wa afya ya jamii, Lewiston

Shukrani. Ukifika kwa daktari sema hivi: “Nimekulia kando ya Mto Juba mpaka umri fulani, nikioga mtoni na kutembea pekupeku. Naomba kipimo cha damu cha kichocho na cha strongiloidi.” Taja mto na miaka. Kusema “natoka Afrika” hakumsaidii.