Heian Shodan: mkono ukikamatwa, ngumi ya nyundo inakataa kutoka

Kadogo wa Majengo (Goma)

Habari zenu wakubwa. Niko na mkanda wa kijani wa karate ya Shotokan, na mtihani wa bluu umekaribia. Kwa metre wetu, yaani mwalimu, mtihani hauishii kwenye kata, ule mfululizo wa hatua tunaoukariri. Ukimaliza unaitwa mbele na mwenzako, anakushambulia, na wewe unaonyesha kile kipande cha kata kinatumikaje. Mimi nimepewa hatua ya nne ya kata ya Heian Shodan, pale mkono unapojichomoa, unazunguka juu, kisha ngumi ya nyundo inashuka.

Ninavyofanya: nasimama zenkutsu-dachi (goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka), mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia umemaliza gedan-barai (kuzuia kwa kufagia chini) juu ya goti. Mwenzangu ananikamata kifundo cha mkono. Narudisha mguu wa mbele, navuta mkono kuelekea bega la kushoto, nauzungusha juu ya kichwa, halafu tetsui, yaani ile ngumi ya nyundo. Kwa wenzangu wengine inatoka vizuri kabisa. Kwa huyu niliyepangiwa naye, hapana. Kazi yake ni chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), anashusha viazi kutoka Kibumba mpaka mjini, na vidole vyake nadhani vimeshazoea kukamata mbao kuliko kukamata kijiko. Nikivuta ananitazama tu. Juzi alianza kunihadithia habari za mvua huku amenishika.

Metre anapiga kelele "nyonga! nyonga!", na nyonga nimeizungusha mpaka mgongo unauma. Je, hii mbinu inataka nguvu tu, au kuna kitu sikioni?

Motari wa Birere

Teke la kinena, halafu mbio. Mtihani umekwisha.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)

Motari, mpige mwenzako kinena mbele ya metre halafu utuambie ulirudi nyumbani na mkanda gani.

Kadogo, kabla sijaandika mengi: huyo wa chukudu anakukamata kwa mkono wake upi? Na hao wengine wanaokuachia?

Kadogo wa Majengo

Yeye wa kulia, yaya, anasema ndio wenye nguvu. Wengine wanatumia wa kushoto, maana ndivyo metre alivyotuonyesha.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)

Basi nguvu zake hazina kesi hapa.

Tazama mkono unaokushika. Vidole vinne viko upande mmoja, kidole gumba upande wa pili, na pale ncha zao zinapokutana ndipo penye mlango. Kwingine kote ni kiganja na nyama. Mwenzako akikushika mkono wako wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, kiganja chake kimelala upande wako wa nje, kwa hiyo mlango umeelekea ndani, upande wa tumbo lako. Ukipeleka mkono kwenye bega la kushoto unapita mlangoni, kama kata inavyosema. Akikushika kwa mkono wake wa kulia, mikono inapishana, kiganja kinakuja upande wa ndani na mlango unageukia nje. Wewe bado unavuta kwenda bega la kushoto, yaani unasukuma kiganja kizima cha mtu anayezuia chukudu kwenye mteremko. Hata mimi ningekuhadithia habari za mvua.

Sasa, kwa mshiko wa kulia fanya hivi. Geuza kiganja chako kitazame juu, kidole gumba chako kielekee nje. Sababu ni kwamba kigasha si mviringo kama bomba: kina upande bapa na upande mwembamba, na ule mwembamba ndio unaotakiwa kuingia mlangoni. Halafu kidole gumba kiongoze njia kuelekea sikio lako la kulia, huku kiwiko kikishuka na kubaki mbele ya ubavu. Kiwiko kikirudi nyuma ya mbavu umeshaanza kuvutana naye kamba, na hapo atashinda. Mshiko wa kushoto ni kinyume chake: kiganja chini, gumba likiongoza kwenda bega la kushoto.

Mguu na mkono viondoke pamoja. Hapa ndipo wengi wanapolala. Wanavuta mkono kwanza, ukikwama ndio wanakumbuka mguu. Mguu wa mbele unarudi nusu hatua, goti linanyooka kidogo, mwili unapanda, na ule uzito unaorudi ndio unaofungua vidole. Mkono umekunjwa tu, unabebwa. Nyonga ambayo metre wako anaipigia kelele ni hiyo. Kuizungusha ukiwa umesimama palepale kunakupa mgongo mbovu, basi.

Ukishatoka, usipoteze muda juu ya kichwa. Ngumi inashuka na mguu uleule unaporudi mbele, na vyote viwili vinatua pamoja. Unagonga kwa ile nyama iliyo chini ya kidole cha mwisho, ngumi imefungwa kabisa. Kwenye kata inasimama usawa wa bega, na usawa huo una maana yake, kwa sababu hapo ndipo ulipo mtulinga wa mtu wa kimo chako. Mkono wake ukiwa bado umeelea mbele, gonga juu ya kigasha chake, karibu na kifundo. Ngumi ya nyundo inakusamehe: ngumi ya kawaida ikikutana na fuvu, mara nyingi kinachovunjika ni mfupa wa mkono ulio nyuma ya kidole cha mwisho, na unavunjika kwako, si kwake.

Halafu usisahau hatua ya tano! Wanafunzi wangu, wengi ni wasichana wa sekondari, wakishatoa mkono wanafurahi na kusimama. Kata haisimami. Mguu wa kushoto unapita, oi-zuki, yaani ngumi ya moja kwa moja pamoja na hatua. Hapo sasa nataka zenkutsu yenyewe: miguu imeachana kwa upana wa mabega, goti la mbele juu ya vidole vya mguu, kisigino cha nyuma kimelala chini, uzito kama 60 mbele na 40 nyuma. Mkono mwingine urudi kiunoni kwa kasi ileile ya ngumi.

Itosu Anko, mwalimu wa karate wa Okinawa, alizitunga hizi kata tano za Heian mwanzoni mwa karne ya 20, wakati karate ilipokuwa inaingia katika shule za Okinawa. Mtu anayewatungia wanafunzi wa shule hawezi kutegemea mikono ya baba zao.

Mwanajudo wa Kamalondo (Lubumbashi)

Yaya ameeleza vizuri habari ya kidole gumba. Ila naongeza upande wa judo, maana nyinyi wa karate mnamfanyia mshikaji kama mti. Mtu hakukamati mkono ili akae ameukamata. Anakuvuta, anakusukuma ukutani, au anakushika ili mkono mwingine upige.

Kodokan, makao makuu ya judo huko Japani, waliweka Kodokan Goshin Jutsu, kata ya kujitetea, mwaka 1956, mbinu 21, kati yake 12 za mikono mitupu na 9 dhidi ya kisu, fimbo na bastola. Ya kwanza kabisa ni kushikwa mikono yote miwili. Anayejitetea anarudi nyuma kwanza, mshikaji anavutika mbele na kupoteza mizani, ndipo mkono unachomolewa na kumpiga panjani kwa ukingo wa kiganja. Mizani kwanza. Kadogo, mwambie huyo ndugu wa chukudu akuvute kwelikweli. Utashangaa, itakuwa rahisi zaidi kuliko akisimama tu, kwa sababu atakuwa amekupa uzito wake.

Na kwa nini mguu urudi nyuma moja kwa moja? Sisi tungekwenda pembeni.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)

Kwa mvutano una haki, ndugu yangu, hilo sibishi. Akikuvuta, usirudishe mguu kwa ubishi: mfuate nusu hatua, kiwiko kiingie kuelekea kwake, mkono utoke.

Pembeni nakataa, kwa mtihani huu. Kadogo ameitwa kuonyesha hatua ya nne, na hatua ya nne inarudi nyuma na mbele kwenye mstari mmoja. Akienda pembeni metre atamwuliza hiyo ni kata gani. Siku ya mtaani aende popote anapopenda.

Kadogo wa Majengo

Aksanti sana yaya, na wewe mkubwa wa Lubumbashi. Leo jioni nimejaribu ile ya kiganja juu na gumba kuelekea sikio la kulia. Imetoka! Amekasirika, akaomba turudie, ikatoka tena. Lakini akivuta kwelikweli bado nachelewa.

Maswali mawili yamebaki. Kwanza, metre akitaka mshiko wa kushoto kama alivyotuonyesha, nibadilishe papo hapo? Pili, sisi tunafanya mazoezi nje, uwanja ni mawe ya volkeno na changarawe nyeusi. Nikirudisha mguu kwa kuuburuta kama ndani ya dojo, unakwama kwenye jiwe.

Yaya wa Kadutu (Bukavu)

La kwanza: usiangalie mkono wake, utachelewa. Sikiliza ngozi. Kiganja chake kikikugusa upande wa nje, nenda ndani. Kikikugusa upande wa ndani, nenda nje. Fanya mazoezi ukiwa umefumba macho, yeye abadilishe mikono bila kukwambia.

La pili: nje, usiburute. Inua wayo kidogo, uweke chini wote kwa pamoja, na ufupishe msimamo kadiri ardhi inavyotaka. Ile zenkutsu ndefu ni ya sakafu. Kama mtihani wenyewe unafanyika hapohapo kwenye changarawe, nenda mapema, safisha kwa mguu njia ya hatua zako mbili, ya kurudi na ya kwenda. Metre mwenye akili akikuona hatakasirika, ataandika kwamba umekagua uwanja.

Na mkate kucha wote wawili. Unapochomoa mkono kwa kasi, kucha za mshikaji ndizo zinazochana ngozi, na za msukuma chukudu sitaki hata kuzifikiria.

Motari wa Birere

Mimi bado niko kwenye kinena.