Vidung'ata kwenye asumini yangu wamenishinda

Binti wa Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum. Nina vyungu vya maua kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba yetu: asumini, kroton, rehani na mshubiri. Tangu kaskazi ianze, asumini na kroton zimejaa vitu vyeupe kama pamba, hasa pale jani linaposhikana na kijiti. Majani yananata na mengine yamefanya weusi. Nikiwamwagia maji wanapungua, kisha wanarudi. Sumu sitaki, rehani twaivaa na watoto wanacheza pale pale. Hii asumini alinipandia nyanya yangu, sitaki inife. Nisaidieni.

Mama Bustani (Malindi)
Waaleikum salaam mwanangu. Hao ni vidung'ata. Kabla hujashika dawa yoyote, inama uangalie ukingo wa chungu: sisimizi hawapandi na kushuka? Hapo ndipo pa kuanzia.

Kidung'ata ananyonya utomvu wa mmea, na sukari inayomzidi anaitoa nyuma. Ndiyo hiyo inayonata, na ule weusi ni ukungu unaoota juu yake. Sisimizi wanaitaka sukari ile, kwa hiyo wanawalinda: wanafukuza wadudu wanaowala vidung'ata, na hata kuwabeba wachanga hadi tawi jingine. Ukiua vidung'ata ukawaacha sisimizi, utaanza upya kila mara. Weka kila chungu juu ya jiwe katikati ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, na hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta, maana hilo ni daraja lao.

Sasa vidung'ata wenyewe. Ule weupe ni nta, maji huteleza juu yake. Nunua spiriti ya kusafishia vidonda kwenye duka la dawa, ile ya asilimia 70, chovya pamba ya masikio, umguse mmoja mmoja. Nta ikiyeyuka utamwona amegeuka rangi ya kahawia, huyo amekwisha. Pekua kila pembe ya jani na upande wa chini. Jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri hadi kesho, na fanya jioni, si juani. Rehani usiipake spiriti. Kata vitawi vilivyoshikwa uvitie kwenye mfuko na kuufunga.

Kisha mwarobaini, ambao kwetu pwani haununuliwi. Chukua kokwa zilizomenywa, sio majani, mbegu ndiyo yenye nguvu. Twanga gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huiharibu ile dawa. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima hata kama huoni kitu: jike mmoja hutaga mayai mamia ndani ya pamba ile, na dawa haiyafikii mpaka yaanguliwe.

Na je, unatia mbolea ya punda? Ukiizidisha, mmea unatoa machipukizi laini, na vidung'ata wanayapenda mno.

Fundi wa Shela
Naongeza kwa Mama Bustani. Dada, usichanganye sabuni na maji magumu ya kisima. Sabuni inagandamana, inaacha utando kwenye majani na wadudu hawafi. Tumia maji ya mvua, kama mna jabia, lile birika la kuwekea maji ya mvua, ni bora zaidi.

Mkulima wa mipapai, Malindi
Angalieni na miti ya nje. Kidung'ata wa mpapai ameonekana pwani ya Kenya tangu 2016, na anashambulia maua pia. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, na CABI, shirika la kimataifa la kilimo, wameleta kijinyigu kidogo sana, Acerophagus papayae, anayetaga ndani ya kidung'ata, na mtoto wake humla kutoka ndani. Kwa hiyo kama jirani ana mpapai wenye weupe, msiumwagie sumu kali, mtaua na huyo msaidizi.

Binti wa Langoni
Shukran sana nyote. Sisimizi walikuwepo, wanapitia ukutani! Nimeshaweka mabeseni na asumini imeanza kutoa majani safi. Lakini mshubiri umesinyaa na juu sioni mdudu hata mmoja. Nimeuchomoa, mizizi ina unga mweupe.

Mama Bustani (Malindi)
Hao ni vidung'ata wa mizizini, mwanangu, wamejificha udongoni. Kung'uta udongo wote ndani ya mfuko uutupe, usiumwage kwenye vyungu vingine. Osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kata iliyooza, kisha uache mshubiri kivulini mpaka vidonda vikauke. Chungu kisugue kwa maji ya moto na sabuni. Upande kwenye udongo mpya wenye mchanga mwingi, mchanga usiwe wa ufuoni kwa ajili ya chumvi, na uuweke mbali na asumini mpaka utoe jani jipya. Vile vyungu vingine navyo, chomoa kimoja kimoja uangalie chini.