Maalim: mtaani kwenu nani aliitwa hivi? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za leo. Mwanangu wa darasa la nne kaniuliza: "Kwa nini babu anaitwa Maalim na sio mwalimu? Watu wanakosea?" Nimemjibu nilivyoweza, sasa naleta kwenu.

Neno ni lilelile moja, la Kiarabu, muallim, mtu anayewapa wenzake elimu. Ni ndugu wa hiyo elimu yenyewe, na wa ulamaa. Waswahili walipolizoea, ile mu- ya mwanzo ikasikika kama ya mtu, tukapata mwalimu na walimu. Maalim likabaki kwa mtu wa chuoni, yule anayesomesha watoto Kurani.

Baba yangu anasomesha barazani kwake Tanga. Watoto kama thelathini wako mkekani, kila mmoja na sura yake, wote kwa sauti ya juu. Yeye kafumba macho, utadhani kalala. Wa mwisho kabisa kule mlangoni akivuta irabu isiyovutwa, unasikia: "Rudi." Bila kufumbua macho! Ada kuna anayeleta sukari, kuna anayeleta mafuta ya taa, na asiye na kitu anasoma vilevile. Kwangu hiyo ndiyo maana ya neno, kuliko ya kamusi.

Haya, tupeane uzoefu.

Mchangiaji, Malindi
Shukrani mkuu. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, na kwake maalim alikuwa mtu wa chombo, yule ajuaye nyota, pepo na njia. Nahodha ana chombo, maalim ana njia, ndivyo alivyotwambia. Na ni kweli, katika bahari hii yetu rubani aliitwa hivyo tangu zamani. Vasco da Gama alipofika hapa kwetu mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na Wareno wakamwandika "Malemo Cana". Watu hudhani Malemo ni jina lake. Ni cheo, ni maalim huyuhuyu.

Mchangiaji, Tabora
Huku kwetu kijijini ukisema "mwalimu" bila kuongeza neno, wazee wanajua ni katekista. Marehemu bibi alimwita wa shule "mwalimu wa serikali". Aliyevuruga hesabu yake ni Nyerere tu, maana alifundisha hapa Tabora, akaenda Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Kazi aliiacha, jina wananchi hawakukubali aliache.

Mchangiaji, Unguja
Sisi tulikuwa na Maalim Seif, naye alisomesha kweli kabla ya siasa. Lakini mie nataka kumtaja bibi yangu. Kasomesha wasichana wa mtaa mzima ukumbini kwake, huku anasuka ukili, na mama yangu kahitimu kwake. Hakuna hata mtu mmoja aliyemwita Maalim. Akiitwa Bi Mkubwa, basi. Inaniuma mpaka leo, ndio maana nalisema hapa: alikuwa maalim.

Mleta mada
Dada wa Unguja, nimemsomea baba mchango wako. Kanyamaza kidogo, kisha kasema herufi za kwanza yeye mwenyewe alifundishwa na shangazi yake. Miaka yote hii sikuwahi kulisikia hilo. Wengine karibuni.