Tupeane uzoefu: safari ndefu ya tanga na marafiki

Mwana wa Amu:
Wadau, habari zenu. Mwezi wa pili tulitoka Lamu kwenda Mombasa kwa jahazi la tanga tupu, halina mashine. Marafiki watano, nahodha wa Matondoni na mabaharia wake wawili. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ilikuwa nzuri, tulipoiacha Shela nyuma tukatweka tanga, raha tupu.

Lililonikaa moyoni ni usiku wa Ghuba ya Ungwana. Pale Mto Tana unamwaga maji yake na bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Usiku upepo ukalegea. Tukapangiwa zamu za kufua maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, wawili wawili, kwa kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Mwenzangu wa zamu nimesoma naye tangu darasa la kwanza. Miaka mitatu nyuma alifiwa na mwanawe na hajawahi kulitamka. Usiku ule akalisema lote, tunapokezana kopo, hatutazamani. Hata nguzo nyeupe ya Vasco da Gama ilipotokea pale Malindi, wenzetu wakishangilia, sisi wawili tulikuwa kimya.

Wewe ulisafiri na nani, na nini hakijakutoka?

Mzigua wa Pangani:
Mkuu, mpe pole sana rafiki yako. Sisi tulikosea msimu: Tanga kwenda Dar mwezi wa saba, upepo wa kusi usoni. Siku nne za kubisha, yaani kwenda pembe-pembe dhidi ya upepo! Kila mkigeuza, foromali, boriti inayoshika tanga, lazima ivushwe upande wa pili wa mlingoti, na upepo ukilikamata tanga kwa mbele mnaweza kuvunjikiwa. Viganja vilichubuka wote. Kibaya zaidi, mmoja wetu alinawia uso maji ya kunywa. Tukanuniana kuanzia Pangani hadi Saadani. Nahodha, mzee wa watu, hakusema neno. Alipika ugali na changu, akatuwekea sinia moja tu. Mkono wa kwanza kumegea mwenzie samaki ulikuwa wa yule aliyemwaga maji. Mpaka leo tunaitana ndugu.

Binti Bahari:
Mwana wa Amu, mlikuwa na maboya ya kuvaa? Kwetu tumezika watu kwa kudharau hilo.

Mwana wa Amu:
Yalikuwepo manane, dada, na usiku hakuna aliyevua. Lile kopo rafiki yangu aliliomba kwa nahodha. Liko kwake barazani, kalipandia mrehani.