Tupeane uzoefu: mkataba wa bima ulipobadilika, macho ulitibiwa wapi?

Mluguru wa Kihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania, zimejaa ugomvi wa jumla, kila mtu na hospitali yake ya kuitetea. Mimi naomba tuzungumzie macho peke yake, maana huko watu wanaumia kimyakimya.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, anatumia kadi ya wastaafu. Jicho la kulia alitolewa mtoto wa jicho Februari 2024 kwenye hospitali binafsi, la kushoto likapangiwa Machi. Mnakumbuka kilichotokea: tarehe 1 Machi kitita kipya kikaanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zikasema bei zile haziwezi kuendesha huduma, zikasitisha kupokea kadi. Serikali nayo ikashikilia kwamba mapitio yamefanyika na kila upande ulishirikishwa. Baadaye nyingi zilirudi, ila siku ya miadi yetu hazikuwa zimerudi. Mapokezi tukakuta karatasi yenye muhuri imebandikwa kwenye kioo: wenye bima walipe taslimu au waende kwingine. Mzee jicho moja linaona kweupe, jingine ukungu mtupu, anashuka ngazi kwa kutanguliza mguu kwanza kupapasa.

Tukahamia hospitali ya rufaa ya mkoa. Daktari swali lake la kwanza: "Jicho la kulia waliweka lenzi namba ngapi?" Tukatazamana. Akatueleza kwamba kabla ya upasuaji wanapima urefu wa jicho na mviringo wa kioo cha mbele ndipo wachague nguvu ya lenzi, na jicho la pili hupangwa kwa kuangalia la kwanza limetoka vipi. Lenzi huja na stika yenye namba, na stika hiyo inabandikwa kwenye faili la mgonjwa. Nikarudi hospitali ya kwanza kuomba nakala. Dada wa kumbukumbu alinitolea bila maneno mengi, Mungu ambariki. Mzee akafanyiwa, na sasa anasoma gazeti hadi matangazo ya minada.

Nyie mlivukaje? Na walio upande wa kutoa huduma wasijifiche.

Lenzi Mbili

Sijifichi mkuu, nipo kaunta ya miwani hapa Mwanza. Niseme kitu ambacho wateja wengi hawakijui. Duka letu liko ndani ya uzio wa hospitali lakini si la hospitali. Wao wana mkataba wao na Mfuko, sisi tuna wetu. Kwa hiyo mtu anapimwa macho kwa kadi vizuri kabisa, anavuka korido kuja kwetu, na kwa kuwa wakati ule mkataba wetu ulikuwa bado kwenye mazungumzo, anaambiwa kadi haipiti. Anatuona matapeli.

Bei ya mkataba inakaa palepale mpaka kitita kipitiwe upya. Fremu nyingi zinatoka China, tunazifuata Kariakoo, na dola ikipanda zinapanda wiki hiyohiyo. Ndiyo maana ukija na bima nakuvutia trei ya chini: plastiki nyeusi, plastiki ya kahawia, na ile ya waya yenye vipira vya puani. Lenzi zinazobadilika rangi juani ni za taslimu, usinune.

Na lile la kukurudisha kwa mpimaji: dai letu linahitaji namba ya idhini ya siku hiyo, cheti chenye namba za macho yote mawili, na saini yako. Karatasi iliyoandikwa "miwani" tu haitusaidii mimi wala wewe.

Bongo Kwanza

Miwani ya elfu tano pale stendi inasoma vizuri tu. Mnajitesa bure na mikataba.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Kijana, hiyo ya stendi inakuza herufi, tena pande zote mbili nguvu ileile hata kama macho yako hayalingani. Haikuambii kilichopo nyuma ya jicho. Mimi nina presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inaanza kula pembeni na katikati unaendelea kuona safi, ndiyo maana watu wanachelewa. Iligunduliwa nilipokwenda kupima miwani. Kwa hiyo anayeruka kipimo anaokoa elfu kadhaa na kuhatarisha kisichorudi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki.

Kuhusu mabadiliko: kilichonigusa ni dawa. Kitita kipya kilifungamanishwa na mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu, na orodha hiyo inapanga dawa kwa ngazi ya kituo. Tone langu la usiku haliandikwi zahanati hata ulie. Kliniki niliyozoea iliposimamisha kadi sikungoja chupa iishe, maana ikishafunguliwa ni wiki nne hivi. Nilichukua cheti changu nikaenda hospitali ya mkoa ya Bombo chupa ikiwa nusu. Foleni ndefu ndiyo, lakini sikukosa tone hata usiku mmoja.

Mtu wa Kondele

Poleni jirani zetu. Huku Kenya mfuko wenyewe ulizikwa: NHIF ya kwetu ilifungwa, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ikaanza Oktoba 1, 2024, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Hospitali zikabidi ziandikishane mkataba upya. Mamangu alikuwa akingojea operesheni ya macho wakati huohuo. Nikapiga simu kituo kimoja, nikaambiwa SHA wanakubali. Kufika, kumbe ni ya kuona daktari tu, upasuaji bado. Siku hizi nikipiga simu nauliza hivi: "Mnakubali kadi kwa operesheni ya macho, wiki hii?" Hayo maneno mawili ya mwisho ni muhimu sana.

Lenzi Mbili

Kondele umenena. Hata huku uliza hivyohivyo, na uliza kliniki ya macho yenyewe. Mapokezi makuu hawajui ya kwetu.

Mnyaturu Halisi

Sisi wa CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), wakati ule elfu 30 kwa kaya ya watu sita, mvutano wa hospitali binafsi tuliusikia redioni tu. Mtaalamu wetu wa macho ni mmoja hospitali ya wilaya. Akienda likizo, macho ya wilaya nzima nayo yako likizo 😀

Binti Sayari

Uzi mzuri. Mama yangu ana sukari, Jumatatu anaanza kliniki mpya ya macho kwa sababu ile ya zamani haimo tena kwenye mkataba. Abebe nini?

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Kadi, kitambulisho, barua ya rufaa, majibu ya sukari ya karibuni, na chupa za matone anayotumia, zenyewe, si majina ya kukumbuka. Miwani yake ya sasa pia. Umsindikize mwanangu, watampanua mboni na mchana kutwa ataona mwanga unachoma. Kofia au miwani ya jua iwe mkobani.

Binti Sayari

Asante bibi, shikamoo. Kofia ipo.