Miche ya mikoko kutoka Mida: tuipande Lamu au tuikatae?

Mwana Matondoni:
Jamani, kikundi chetu kimeahidiwa miche ya mkoko kutoka Mida, kule Watamu, ya kuzibia mahali palipoachwa patupu na wakata boriti. Wazee wanasema mkoko ni mkoko. Mimi roho haijatulia. Mpakani mwa Ireland na Ireland Kaskazini kuna ziwa liitwalo Melvin, lenye samaki wa maji baridi wanaoitwa trauti. Ziwa ni moja, halina ukuta, lakini trauti ni wa namna tatu: mmoja anaokota konokono chini, wa pili anakula vijidudu vinavyoelea katikati ya maji, wa tatu ni jitu linalokula samaki wenziwe. Kila mmoja ana pake pa kutagia, na tofauti hizo zimo kwenye damu, si malezi. Ikiwa ziwa moja liko hivyo, sembuse Mida na Mkunumbi yetu hapa Lamu?

Nahodha wa Shela:
Ndugu yangu, trauti anarudi kutaga alikozaliwa, ndiyo maana hawachanganyiki. Mkoko unarudi wapi? Mbegu yake ikidondoka inaelea, na msimu wa kusi mkondo unaelekea kaskazini. Mbegu ya Malindi inaweza kutufikia bila lori wala risiti. Halafu trauti hao hao mlowezi Ewart Grogan aliwaleta mto Gura, kule Aberdare, mwaka 1905. Asili yao Uskoti, na wapo mpaka leo. Mgeni naye hukaa.

Bint Siyu:
Nahodha, Gura hapakuwa na trauti wa kuharibiwa. Sisi tuna mikoko yetu, tena zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Kuhusu mbegu kuelea nakubali, ila kuelea si kuota. Kwenye mto Hayle, Cornwall, kule Uingereza, migodi ya zamani iliacha shaba na zinki majini, na trauti wa humo wanastahimili maji ambayo yangeua wenzao wa kwingine. Hakuna aliyewafundisha: wasioweza walikufa, wakabaki wazao wa walioweza. Bahari ikileta mbegu elfu, chumvi na tope la hapa huchagua. Miche ya kitaluni imelelewa kwa ndoo ya maji, haijachaguliwa na yeyote.

Fundi wa mitumbwi:
Nyote wawili mnaniacha hoi. Mwaka ule tulipopanda sisi, mbegu zilikuwa za hapa hapa, na zilikufa karibu zote! Tulizichomeka mbele kabisa, kwenye mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mkoko, kwa sababu ndipo wapiga picha walipoweza kusimama. Miche ikaota maganda makali ya baharini, ikalemewa, ikalala. Nasaba haiwezi kuokoa mti uliopandwa pasipo pake.

Mwana Matondoni:
Hilo la fundi limeniuma maana nami nilikuwepo. Basi mimi msimamo wangu: miche ya Mida tusiichukue, kwa kuwa mbegu tunazo Mkunumbi, bure. Ila tusipande mbele. Twende bamvua hii, maji yanatoka kama saa nne asubuhi. Tazameni pete ya manjano chini ya tunda: ikionekana, mbegu inaachia kwa kuguswa tu. Inayong'ang'ania muiache. Bado mtumbwi mmoja, nani anao?